Historia ya Mtaa Wetu: Lavington, Kawangware na Miaka 50 ya Kwaya

Kamati ya jubilii ilitupa kurasa hizi ili tuandike historia ya kwaya. Tulipoketi na wazee kukusanya habari, tuligundua kwamba huwezi kuieleza kwaya hii kabla hujaueleza mtaa ilimozaliwa. Mwaka jana, baada ya mazoezi, kijana mmoja wa sauti ya tatu alituuliza swali: "Mbona kanisa liko Lavington, na kwaya karibu yote inashukia steji za Kawangware?" Wazee walicheka, wakafunga vitabu vyao, wakaenda zao. Hakuna aliyemjibu. Tunayoyaandika hapa ni jibu lake, ingawa limechelewa.

Mgeni anapofika Lavington kwa mara ya kwanza husifu miti. Husema hapa ni kama msituni, hewa ni safi, ndege wanaimba. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya miti hiyo ilipandwa na watu. Mijakaranda inayomwaga maua ya zambarau barabarani mwezi wa Oktoba na Novemba asili yake ni Amerika ya Kusini. Mikaratusi na migrevilea ilitoka Australia. Bustani ya miti ya Nairobi, ile Arboretum, ilianzishwa mwaka wa 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, maana garimoshi lilihitaji kuni. Kutoka majaribio kama hayo miti ya kigeni ilienea katika viwanja vya mji. Hata ua wa kayaba wenye miiba mirefu, ambao wengi wetu tumeupogoa mpaka mikono ikatoka damu, ni mmea uliotoka kusini mwa Afrika.

Kabla ya hayo yote, vilima hivi vilikuwa mpaka. Upande wa mashariki, kwenye tambarare, Wamaasai walilisha ng'ombe na kunywesha kwenye mto walioujua kwa maji yake baridi, ndipo jina Nairobi likatoka. Upande wa magharibi, kwenye udongo mwekundu, Wakikuyu walilima. Majina ya mitaa bado yanasimulia. Kileleshwa, wazee husema, ni mahali pa mleleshwa, kile kichaka cha majani yenye harufu nzuri ambacho Wamaasai wanakijua vyema. Kawangware ni mahali pa ngware, yaani kwale, kwa Kikikuyu. Muthangari ndilo lile jina ambalo wageni waliligeuza likawa Msongari, na mpaka leo yote mawili yanatumika, moja kwenye kituo cha polisi na jingine kwenye shule ya Loreto. Lavington peke yake ndilo jina lisilotuambia chochote kuhusu mahali penyewe.

Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei mwaka wa 1899. Mwaka huohuo mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Muthangari wakaanzisha misheni ya St Austin's. Walifika wakati mbaya. Njaa kubwa ilikuwa imeshika nchi ya Wakikuyu wa kusini, na ndui ikafuata nyuma yake. Watu wengi walikufa, wengine wakahamia kwa jamaa zao upande wa Murang'a wakisubiri mvua. Kwa hiyo walowezi walipokuja kuitazama ardhi hii waliona mashamba yasiyo na watu, wakaandika kwamba ni tupu. Wenyewe waliporudi walikuta vigingi vya mpaka vimeshapigwa. Jambo hili halisemwi sana katika hafla za mtaa wetu, nasi hatulisemi ili kumshtaki mtu aliye hai. Lakini historia inayoanza na nyumba za mawe na vigae vyekundu imeruka ukurasa wa kwanza.

Mapadre wale walikuwa wamepanda kahawa Bura, huko Taita, mwaka wa 1893. Walipotulia Muthangari waliipanda hapa pia, na ikakubali udongo. Hadi leo wakulima wa kahawa wanaujua mbegu uitwao French Mission, yaani kahawa ya misheni ya Wafaransa. Walowezi walipoona inavyozaa, kahawa ikaenea kwenye vilima vya kando ya Nairobi. Kwa hiyo kabla ya kuwa mtaa wa nyumba, upande huu ulikuwa mashamba, na waliochuma kahawa hiyo walikuwa Waafrika waliolipwa mshahara. Baadaye, mji ulipopanuka, mashamba ya kahawa yalikatwa yakawa viwanja vya nyumba, na viwanja vilikuwa vikubwa kwa sababu shamba lilikuwa kubwa.

Kwa nini matajiri walikaa upande huu? Tazama udongo. Kuanzia Westlands hadi Karen ni udongo mwekundu unaonyonya maji, na ardhi iko juu, ina upepo. Upande wa Eastlands ni udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unageuka ugali. Mwaka wa 1913 serikali ya kikoloni ilimleta mtaalamu wa afya, W. J. Simpson, aangalie usafi wa miji, naye akapendekeza jamii zitengwe, kila rangi na mtaa wake. Mpango ukawa hivyo: Wazungu vilimani upande wa magharibi na kaskazini, Wahindi Ngara na baadaye Parklands, Waafrika Pumwani, Kariokor, Shauri Moyo na Kaloleni. Ni haki kusema pia kwamba hati nyingi za viwanja zilikataza kabisa mtu asiye Mzungu kuishi humo, isipokuwa awe mtumishi wa nyumba.

Maneno hayo, "isipokuwa mtumishi", ndiyo mlango ambao babu na nyanya wa kwaya hii walipitia. Nyuma ya kila nyumba kulijengwa chumba kimoja au viwili, mbali kidogo na jikoni, na choo chake na bomba la nje. Siku hizi tunaviita SQ. Humo alikaa mpishi, yaya, mtunza bustani. Mwanamume alibeba kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, na asiye nacho alikamatwa. Mke na watoto walibaki reserve, nyumbani, kwa kuwa chumba kile kilihesabiwa kuwa cha mtu mmoja. Lugha kati ya jikoni na sebule ilikuwa Kisetla, Kiswahili cha amri, kisicho na "tafadhali". Wazee wetu wawili waliofanya kazi miaka ile ya mwisho ya ukoloni bado wanaweza kukiigiza, na wakianza hatuwezi kuendelea na mazoezi kwa kucheka.

Ng'ambo ya bonde, hatua chache tu, mambo yalikuwa mengine. Kawangware na Dagoretti yote haikuwa Nairobi wakati huo. Ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kiambu, ardhi ya wenyeji. Wakati wa Hali ya Hatari, baada ya 1952, watu wa Kiambu walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, na miaka hiyohiyo ardhi yao ilipimwa upya na kuandikiwa hati. Mwaka wa 1963 mipaka ya jiji ilipanuliwa, Dagoretti ikaingizwa Nairobi. Kwa hiyo Kawangware si kama Kibera, ambako ardhi ilihesabiwa kuwa ya serikali. Hapa landlodi ana hati yake, na shamba la babu yake limejaa vyumba vya mabati vya futi kumi kwa kumi. Lakini vyumba vilijengwa kwa sababu kulikuwa na wapangaji, na wapangaji walikuja kwa sababu ng'ambo ya bonde kulikuwa na kazi. Lavington na Kawangware zimekua pamoja. Hata leo ziko jimbo moja, Dagoretti Kaskazini, lenye wadi za Kilimani, Kileleshwa, Kawangware, Gatina na Kabiro. Mbunge mmoja anahutubia watu wa bwawa la kuogelea na watu wa mtungi wa maji.

Uhuru ulibadilisha wenye nyumba, haukubadilisha sana nyumba. Tayari mwaka wa 1961 Chuo cha Strathmore kilikuwa kimefunguliwa hapa kikipokea wanafunzi wa rangi zote, jambo geni wakati ule. Baada ya 1963 Wazungu wengi waliuza, na mawaziri, wanasheria, madaktari na wakurugenzi Waafrika wakanunua. Barabara zikabadilishwa majina. Barabara ya St Austin's ikawa ya James Gichuru. Barabara ya Hurlingham ikapewa jina la Argwings Kodhek, mwanasheria na waziri aliyefia kwenye barabara hiyo mwanzoni mwa 1969. Tom Mboya naye alikuwa na nyumba yake Lavington. Alipopigwa risasi mjini Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, waombolezaji walimiminika nyumbani kwake, na mmoja wa mama waanzilishi wetu, aliyekuwa yaya katika nyumba ya jirani, anakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza aliona mtaa huu umejaa watu wanaotembea kwa miguu. Alisema, "Hapo ndipo nilijua barabara zetu ni pana."

Sasa tufike kwenye kwaya. Mwaka wa 1975 kanisa letu lilikuwa na ibada moja, ya Kiingereza, asubuhi. Watumishi wa nyumbani hawakuweza kuhudhuria, kwa sababu saa hiyo walikuwa wakipika chakula cha mchana cha Jumapili, chakula kikubwa kuliko vyote vya juma. Waliokuwa huru baada ya kuosha vyombo walikutana saa nane mchana chini ya mjakaranda, kwenye kiwanja cha tajiri mmoja aliyekuwa mpole, wakaimba. Hawakuzidi ishirini. Wapishi watano, yaya saba au wanane, walinzi, dereva mmoja, na mtunza bustani aliyejua sol-fa kuliko wote. Baada ya miezi michache waliomba chumba cha nyuma cha kanisa, wakapewa, na ibada ya Kiswahili ikaanzia hapo. Watu wengi hudhani ibada ilianza kisha ikapata kwaya. Ilikuwa kinyume.

Walitoka wapi? Katika kazi za nyumba, ajira hupita kwa undugu. Mpishi akizeeka, mwenye nyumba humwambia alete mtu, naye huleta binamu. Ndiyo maana jikoni za Lavington zilijaa watu wa Vihiga na Kakamega, na lango likalindwa na watu wa Machakos na Kitui. Wa Siaya na Kisumu walikuwa madereva na makarani, na wa Murang'a na Kiambu walikuja na biashara ya mboga na maziwa. Kila kundi lilibeba uimbaji wa misheni iliyolilea. Wamaragoli walikuja na ule wa Marafiki, waliofika Kaimosi mwaka wa 1902. Wakamba walikuja na wa African Inland Mission, iliyoanza Nzaui mwaka wa 1895. Waluo wengi walikuwa wamelelewa na shule zilizotokana na Maseno, ya 1906. Wakikuyu wa hapa karibu walijua wa Thogoto, na jina lenyewe Thogoto ni Waskoti walivyoitwa na wenyeji.

Mtu asiyeimba anaweza kudhani tofauti hizo ni ndogo. Si ndogo. Waanzilishi walibishana miezi mitatu kuhusu wimbo mmoja, kwa kuwa kila mmoja aliufahamu kwa tuni yake na kwa maneno ya lugha yake. Wengine walitaka ngoma, wengine waliona ngoma ni ya kilabuni. Wengine walizoea kuimba wamesimama wima kama walinzi wa heshima, wengine hawawezi kuimba bila kutikisa bega. Kiswahili ndicho kilichowasuluhisha, kwa sababu hakikuwa cha mtu yeyote kati yao. Wote walikikosea sawa. Wa magharibi waligeuza "b" ikawa "p", wengine walichanganya "r" na "l", wengine "sh" na "s", na mwalimu wa kwaya, yule mtunza bustani, aliamua kwamba neno likikosewa na sauti zote nne kwa pamoja, basi limekuwa sahihi. Nasi tunakiri kwamba matamshi mawili au matatu ya namna hiyo tunayo hadi leo.

Tunataka pia kuandika jambo ambalo katika vijitabu vya jubilii huachwa. Kwa miaka mingi watu wa ibada ya Kiingereza na wa ibada ya Kiswahili walijuana kama tajiri na mfanyakazi, si kama washirika. Mama mmoja wa sauti ya kwanza aliimba Krismasi akiwa amevaa vazi la kwaya, na tajiri wake akiwa ameketi safu ya tatu. Kesho yake alikumbushwa kwamba mikono ya sofa haijapanguswa vumbi. Mwingine alifukuzwa kazi kwa kuchelewa kurudi kutoka mazoezini siku ya mvua, akafukuzwa na chumba chake usiku huohuo, maana SQ huenda pamoja na kazi. Alilala kwa mwenzake wa kwaya huko Kawangware, kitanda kimoja na watoto watatu. Upande wa pili, kuna matajiri waliosomesha watoto wa wapishi wao hadi chuo kikuu, na watoto hao wawili wako nasi leo, mmoja akipiga kinanda. Yote mawili yalitokea katika mtaa huu, mara nyingine nyuma ya lango lilelile.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, Kawangware iliwaka kama sehemu nyingine za nchi. Majirani waliopanga ploti moja kwa miaka kumi walianza kuulizana majina. Kwaya ilikaa Jumapili kadhaa bila mazoezi, si kwa sababu ya barabara pekee. Tuliogopana. Waliorudi kwanza walikuwa akina mama wa sauti ya pili, kutoka makabila manne, waliotembea pamoja kutoka steji ya 46 wakiwa wameshikana mikono ili mtu akiwasimamisha asijue amuulize nani. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari. Jumapili iliyofuata besi walikuwa sita tu kati ya kumi na tano. Wawili hawakurudi kamwe, walihamia kwao. Viti vyao tuliviacha wazi mpaka Pasaka.

Kisha yakaja maghorofa. Yalianza Kilimani na Kileleshwa miaka ya 2000, yakafika Lavington baadaye kidogo. Nyumba iliyokaa peke yake kwenye kiwanja cha nusu ekari inabomolewa, na mahali pake inasimama fleti ya ghorofa nyingi, familia mia moja pale ilipokuwa moja. Hatulalamiki kwamba watu wamekuja. Wengi wao ni vijana wanaofanya kazi mjini, wametoka kaunti zote, na wengine ni wageni kutoka Sudan Kusini, Kongo, Ethiopia na Somalia, hata Wachina. Mtaa haujawahi kuwa na mchanganyiko kama huu. Lakini fleti mpya nyingi hazina SQ, au zina kijichumba kimoja kando ya jikoni kinachotosha godoro na ndoo. Yaya wa kulala amekuwa yaya wa kuja asubuhi na kurudi jioni. Mfuaji wa nyumba amekuwa mama fua anayebisha malango akitafuta kazi ya siku, na wakati mwingine anakaa chini ya ua wa kayaba tangu alfajiri hadi adhuhuri bila kuitwa. Mtunza bustani hahitajiki penye lami na maegesho.

Hilo ndilo jibu la swali la kijana wetu. Kwaya ilizaliwa ndani ya SQ za Lavington, na SQ zilipobomolewa kwaya ilihamia Kawangware, Kangemi na Gatina, ikabaki na kanisa huku. Mwaka wa 1990 karibu nusu ya wanakwaya walifika mazoezini kwa miguu wakitoka nyuma ya nyumba walizofanya kazi. Leo ni wawili tu, mlinzi na mama mmoja mpishi. Wengine wote wanapanda matatu au wanavuka bonde kwa miguu. Mvua ikinyesha siku ya Alhamisi nauli hupanda mara mbili, na sauti ya tatu hupungua. Mwezi wa Machi 2020 makanisa yalipofungwa kwa ajili ya korona, watu wa kwanza kupoteza kazi walikuwa walewale wa kuja asubuhi na kurudi jioni, na tulichangishana unga kabla hatujafikiria kuimba kwa simu.

Yapo mazungumzo, nasi hatuyafichi, ya kuhamishia mazoezi Kawangware, katika ukumbi wa shule. Walio upande wa kuhama husema ni ujinga kumtoza mama fua nauli ili aje kufanya mazoezi katika mtaa asioishi tena. Walio upande wa kubaki husema tukiondoka hapa Alhamisi, hatutakumbukwa Jumapili, na ibada ya Kiswahili itaonekana ni ya wageni katika kanisa lililoianzisha. Sisi tulioandika kurasa hizi tumegawanyika pia. Uamuzi utafanywa katika mkutano wa wanachama mwezi ujao, na tunawaomba wenye fleti mpya waliojiunga na ibada yetu hivi karibuni nao waje, kwa maana bado hatujawasikia wakisema. Wapo wanane sasa, na watatu kati yao wameanza kuimba.

Mjakaranda wa 1975 ulikatwa miaka miwili iliyopita. Kiwanja kimezungushiwa mabati, na juu yake kuna picha ya jengo litakalojengwa, yenye miti michache iliyochorwa. Tulimwomba msimamizi wa ujenzi kipande cha gogo, akatupa kwa hiari yake, hata akatusaidia kulipakia kwenye mkokoteni. Fundi wa Kawangware ametengeneza stendi ya vitabu vya nyimbo, ndiyo hiyo mtakayoiona mbele ya mwalimu wa kwaya siku ya sherehe.

Daftari la kwanza la sol-fa, lililoandikwa kwa mkono na mwalimu wetu mtunza bustani, bado hatujalipata. Mara ya mwisho lilionekana mwaka wa 1988, likiwa limefungwa kwa gazeti. Aliye nalo, au aliye na picha yoyote ya kwaya ya kabla ya 1990, tafadhali amletee katibu baada ya ibada. Tutainakili na kumrudishia.